Mwaka Unaoanza kwa Mwarobaini

Mwenyekiti wa shughuli, wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema: wakubwa shikamooni, na wadogo zangu marahaba, maana najua mlikuwa mbioni kunisalimia.

Nimeombwa nieleze maana ya Ugadi, mwaka mpya wa Wahindu wa kusini mwa India. Nimepewa dakika ishirini na nimekuja na chungu. Kiko pale mezani, kimefunikwa kitambaa. Naomba mtu asikifunue kwa sasa, hata wewe mwanangu uliyekwisha kuanza kunusa.

Kwanza tuondoe utata. Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam mwaka mpya wa Wahindu, atakuambia Diwali. Wala hakosei. Wahindu wengi tuliokua nao mitaani asili yao ni Gujarat, na mwaka wa Wagujarati huanza baada ya Diwali, mwezi wa Oktoba au Novemba. Wakachi nao, ambao tumewazoea kwenye maduka na kwenye ujenzi, wana mwaka wao mwingine kabisa, unaoangukia Juni au Julai, mvua zinaponyesha kwao Kutch. Kwa hiyo mtaa mmoja wa Kisutu unaweza kuwa na miaka mipya miwili, na hapo bado hatujahesabu Januari wala Muharram. Na tukiwa hapo hapo: Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Wahindi Waislamu wapo, Wakristo wapo, Masingasinga wapo. Tumezoea kuwachanganya, na wao wamezoea kutusamehe.

Ugadi ni ya watu wa Deccan, uwanda wa juu wa kusini. Ni ya wasemao Kitelugu katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana. Wa Karnataka wanaiita Yugadi. Jirani zao wa Maharashtra husherehekea siku hiyo hiyo kwa jina la Gudi Padwa, na huko utaona mti mrefu umesimamishwa dirishani, umefungwa kitambaa cha hariri, na juu yake chombo cha shaba kimepinduliwa kichwa chini, pamoja na majani ya mwarobaini na shada la sukari. Jina Ugadi limeungwa na maneno mawili ya Kisanskriti: yuga, yaani zama, na adi, yaani mwanzo. Wazee wao husimulia kwamba siku hiyo ndipo Brahma alipoanza kuumba ulimwengu. Hata Mauritius, hapa hapa Bahari ya Hindi, Ugadi ni sikukuu ya taifa, kwa sababu wapo Watelugu ambao mababu zao walipelekwa kule karne ya 19 kulima miwa kwa mkataba.

Hayo yamo vitabuni. Mimi niwaeleze nilivyoionja.

Nilikwenda Hyderabad, huko kwa Watelugu, kusoma nikiwa kijana, nikapanga chumba juu ya dari ya nyumba ya mama mmoja wa makamo. Wapangaji wote tulimwita Amma, yaani mama, na yeye alituita wote kwa jina moja, ambalo sikuwahi kujua kama ni la upendo au ni la kuchoka. Mwaka 1998, wakati huku nyumbani barua zote zilikuwa za El Niño, madaraja yamekatika, bei ya unga imepaa, Amma alinigongea mlango alfajiri. Mkononi ana kikombe cha bati chenye mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto. Akaniashiria kichwani: paka, kaoge. Nikapaka, nikaoga, nikashuka.

Chini nyumba ilikuwa imebadilika. Kizingitini kulikuwa na mchoro mkubwa wa unga mweupe, mistari imepinda ikarudi ikakutana bila kukatika, kazi ya binti yake aliyekuwa ameamka usiku. Juu ya mlango umetundikwa uzi wenye majani ya mwembe, mabichi bado, yamepangwa kama meno. Watu wote wamevaa nguo mpya. Ndani, mbele ya miungu, kipo chungu kipya cha udongo ambacho hakijapikiwa kitu.

Tukaketi sakafuni. Amma akateka kwa kijiko, akaanza na mkubwa, akaja kwangu. Nikatazama. Uji mwepesi wa rangi ya kahawia, vipande vya embe bichi, na juu yake vinaelea vijiua vyeupe visivyozidi punje ya mchele. Nikanusa, nikajua. Mimi mtoto wa Pangani, harufu ile siwezi kuikosea. Ilikuwa mwarobaini.

Ndugu zangu, wengi wenu mmelelewa na bibi, mnajua ninachosema. Mwarobaini kwangu ulikuwa ni homa. Ulikuwa blanketi zito juu ya kichwa, sufuria ya majani yanayochemka katikati ya magoti, jasho, machozi, halafu kikombe cha maji machungu ambacho bibi alikishika mwenyewe mpaka nikimalize. Sikuwahi kuuona mwarobaini kwenye sinia ya sikukuu. Nikafikiri labda Amma ananiona naumwa.

Basi nikafanya ujanja. Kwa ncha ya kijiko nikavisogeza vile vijiua pembeni, kimoja kimoja, kama mtu achambuaye mchele. Nilikuwa nimefika karibu na mwisho Amma alipoona. Hakugomba. Alinichukua kijiko mkononi, akavirudisha vyote katikati, akakoroga mara mbili, akanirudishia. Akasema neno moja tu la Kitelugu: anta. Maana yake, yote.

Nikameza yote. Utamu ulitangulia, nikakaribia kutabasamu, halafu uchachu, halafu pilipili, na uchungu ukaja nyuma ya hao wote ukakaa kooni mpaka saa nne. Wenzangu walicheka. Halafu tukala bobbatlu, zile chapati nyembamba zilizojazwa dengu zilizopondwa na sukari guru, na samli juu yake. Nadhani nilikula sita.

Ule uji unaitwa Ugadi pachadi, na huko ndiko maana ya sikukuu iliko. Vitu vyake ni sita. Ukwaju ulioloweshwa ukakamuliwa, kwa uchachu. Sukari guru, kwa utamu. Embe bichi lililokatwakatwa, ambalo nalo lina uchachu wake, lakini kinachotafutwa pale ni ukakasi, ule mkwaruzo unaoubana ulimi. Chumvi. Pilipili, ya kijani au manga, kila nyumba na mkono wake. Na maua ya mwarobaini. Katika mapishi na tiba za jadi za India ladha ni hizo hizo sita, haiongezeki ya saba. Kwa hiyo kijiko kile kimebeba kila kitu ambacho ulimi unaweza kukutana nacho.

Na tazameni vitu vyenyewe. Hakuna hata kimoja ambacho hatuna sokoni Tandale. Mwarobaini ulitoka kwao ukaja kwetu, nasi tukaupa jina la magonjwa arobaini. Ukwaju Waarabu waliuita tamri hindi, tende ya India. Sukari guru hata jina lake ni la huko: guru ile ni gur ya Kihindi. Sisi bahati mbaya tumeijua zaidi kwa sababu ya gongo, mpaka ukionekana umebeba mapande mawili ya sukari guru majirani wanakuangalia vibaya. Kwa Amma ile ndiyo ilikuwa sukari ya heshima.

Mtakuta maandishi mengi yanayogawa ladha hizo kwa maana: sukari guru ni furaha, mwarobaini ni huzuni, pilipili ni hasira, chumvi ni hofu, ukwaju ni karaha, embe ni mshangao. Sikatai, yanasaidia kufundishia watoto. Lakini Amma hakunipa orodha hiyo, na mimi naona ukishaiweka kila ladha kwenye kibweta chake umefanya nilichokifanya mimi kwa ncha ya kijiko. Chakula kile kimekusudiwa kisichambuliwe. Huwezi kusema leo nakula furaha, huzuni nitaikuta mwezi wa sita. Inaingia mdomoni pamoja, siku ya kwanza, ukiwa umevaa nguo mpya na umeshapaka mafuta.

Hapo ndipo nilipoona tofauti na bibi yangu. Bibi alimnywesha mwarobaini mgonjwa. Amma alimnywesha mzima.

Wakati nao una kazi yake. Tunaposema mwaka mpya wa majira ya kuchipua, msifikirie theluji inayeyuka. Deccan mwezi wa Machi ni moto. Ardhi imekauka, visima vimeshuka, mvua bado miezi miwili au zaidi. Na katikati ya ukame huo mwarobaini unatoa majani mapya, mekundu kama shaba kabla hayajawa kijani, na maua yenye harufu karibu na ya asali. Mwembe nao una maembe machanga. Ndege wao mmoja, jamii ya kekeo, anaita alfajiri mpaka unakosa usingizi, na washairi wa Kitelugu hawamwachi katika mkutano wa mashairi ambao hufanywa siku hiyo. Kwa hiyo pachadi haikubuniwa na mwanafalsafa mezani. Ni vitu vilivyopo mtini wiki hiyo. Uchungu na uchachu vimechanua pamoja, watu wakavichuma pamoja.

Sasa tarehe. Ugadi ni siku ya kwanza baada ya mwezi kufa na kuanza upya, katika mwezi unaoitwa Chaitra. Mwaka 2025 iliangukia Jumapili ya Machi 30, na siku hiyo hiyo Saudi Arabia walikuwa wanaswali Idi. Wapo walioona ni ajabu. Si ajabu, mwezi wa mbinguni ni mmoja, kila mtu anauandamia kwa hesabu yake. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Waislamu wanauacha upungufu huo, ndiyo maana Ramadhani inazunguka majira yote. Wahindu wanaufidia: kila baada ya miezi 32 na ushei wanachomeka mwezi wa ziada. Mwezi huo huitwa adhika masa, na watu hawapendi kufunga ndoa ndani yake. Kwa mtindo huo Ugadi haitoki Machi na Aprili.

Na wenzetu wa Unguja msikae kimya kama hamumo. Mwaka Kogwa wa Makunduchi ni binamu wa hesabu hizi. Nairuzi yetu ya pwani, ambayo ndiyo huo Mwaka Kogwa, ni ile Nairuzi ya Waajemi, ambayo kwao huanza Machi, usiku na mchana vinapolingana. Wazee wetu waliihesabu kwa siku 365 bila kuongeza siku ya mwaka mrefu, ikawa inateleza siku moja kila miaka minne, hadi leo tunaipigania kwa migomba mwezi wa Julai. Sikukuu ya machipuko imefika kipupwe, na haijapoteza mtu.

Nirudi kwa Wahindu. Jambo la pili lililonishangaza baada ya kijiko ni kwamba mwaka wao una jina. Sisi tunasema 2025, basi. Wao wana majina 60 yanayozunguka, moja kwa kila mwaka, na yakiisha yanaanza tena. Hesabu hiyo inafuata sayari ya Mshtarii, yaani Jupita, ambayo huchukua karibu miaka 12 kulizunguka jua: mara tano ni 60. Mzunguko tuliomo ulianza mwaka 1987. Ule mwaka wa 1998 niliomeza mwarobaini uliitwa Bahudhanya, yaani Nafaka Tele. Mimi nikiwa sina hata nauli ya basi, na nyumbani mahindi yamelala majini.

Lakini si majina yote ni ya kubembeleza. Mwaka ulioanza 2024 uliitwa Krodhi, Mwenye Hasira. Ulioanza 2025 ni Vishvavasu, jina la mmoja wa waimbaji wa mbinguni katika maandiko yao, na hilo si baya. Wa 2026 ni Parabhava. Maana yake ni Kushindwa. Hebu fikirini, waziri anasimama redioni: ndugu wananchi, nawatakia heri ya mwaka mpya wa Kushindwa. Kwao inasemwa, inaandikwa kwenye kadi, watu wanakula bobbatlu. Mwaka 2020 Ugadi ilikuwa Machi 25, na mwaka ule uliitwa Sharvari, maana yake usiku. Siku hiyo hiyo, kuanzia saa sita za usiku, India nzima ilifungwa kwa sababu ya korona. Sisemi jina lilitabiri. Lilikuwa limeshapangwa kabla babu zao hawajazaliwa. Nasema tu kwamba kulikuwa na nyumba nyingi asubuhi ile ambazo hazikuweza kutoka kununua sukari guru, na mwarobaini ulikuwepo uani.

Kuna mtu humu aliyezaliwa 1965, baada ya siku za mwanzo za Aprili? Wewe mzee wangu? Hongera. Jina la mwaka wako lilirudi 2025. Kwao mtu akifika hapo hufanyiwa sherehe kubwa, na mara nyingi mume na mke huvalishana mashada upya kama maharusi, wajukuu wakishuhudia. Mwambie mama nyumbani ajiandae.

Jioni ya ile siku Amma alinichukua hekaluni. Wanaita kusikiliza panchanga. Panchanga ni kalenda yao, kijitabu, jina lina maana ya viungo vitano, kwa sababu kila siku inapimwa kwa mambo matano: siku ya mwezi, siku ya wiki, nyota ambazo mwezi umepitia, na vipimo viwili vingine vya mwendo wa jua na mwezi ambavyo mpaka leo mwanafunzi wa hesabu mimi vinanitoa jasho. Kuhani anaketi, anavaa miwani, anausoma mwaka kwa sauti. Nani mfalme wa mwaka: ni sayari yenye siku ambayo Ugadi imeangukia, kwa hiyo mwaka wa 2025, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, mfalme alikuwa Jua. Mvua zitakuwaje. Mazao yatakuwaje. Siku hizi hata serikali za majimbo huandaa usomaji huo rasmi, mawaziri wakiwa wameketi mbele.

Kisha inakuja sehemu ambayo watu wote huinamisha vichwa wasikilize. Kila nyota ya kuzaliwa inapewa namba nne: mapato, matumizi, heshima na aibu. Ndiyo, namba. Mapato mawili, matumizi kumi na nne. Heshima tano, aibu mbili. Ni bajeti, ndugu zangu, ila imesomwa mwanzo wa mwaka na haina nyongeza ya dharura. Mwenye matumizi kumi na nne anasonya kidogo, jirani yake anamcheka, halafu wote wanapokea maua wanarudi nyumbani. Wenye umri wangu tuliokuwa tukisubiri utabiri wa Sheikh Yahya Hussein kila Desemba hatuna haki ya kuwacheka.

Mimi siamini kwamba nyota zinajua mshahara wangu. Nilimwuliza Amma kama anaamini, yeye aliyepewa aibu nyingi kuliko heshima siku ile. Alitazama mbele, alikuwa anavuka barabara na pikipiki za Hyderabad hazina huruma. Tulipofika ng'ambo akasema wanasoma mabaya na mazuri, wote tunasikia, kila mtu anajua na mwenzake kasomewa nini. Halafu akaniuliza kama nyumbani kwetu maji yamepungua. Sikujua kwamba alikuwa akifuatilia habari za El Niño. Nilikuwa nimemwambia mara moja tu, miezi kadhaa nyuma, nilipochelewa kulipa kodi.

Nafikiri salamu zetu za mwaka mpya zina kasoro ndogo. Tunatakiana heri, fanaka na mafanikio, kila kadi tamu tupu, na ikifika Februari ada ya shule inatukuta kama hatukuwahi kuijua. Amma hakunitakia heri. Alinipa yote, akanitazama nikimeza, kisha akakaa karibu yangu akanipakulia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi nifunue chungu.

Nimepika mwenyewe, au tuseme nimechanganya, maana pachadi haiendi jikoni. Embe bichi nimelipata Buguruni kwa bei ya kuonea, msimu umekwisha. Ukwaju ni wa Dodoma. Maua ya mwarobaini sikuyapata, mti wa jirani umeshayapukutisha, kwa hiyo nimetumia majani machanga yaliyokatwa laini, kama wafanyavyo baadhi ya watu wa Karnataka. Kwa hiyo pachadi hii ina uchungu zaidi kuliko ya Amma, tuelewane hapo. Vijiko viko kwenye kikapu, kijiko kimoja kwa mtu mmoja, na nitasimama pale pale mezani kwa sababu nawajua wachambuaji. Wenye kisukari semeni mapema: nimeweka bakuli dogo pembeni lisilo na sukari guru. Nimelionja asubuhi. Poleni sana.